Tindo la Bi Mauza

Mama mkwe wangu, Bi Mauza, huazimisha kila kitu na hudai kila kitu. Ukiazima kijiko kwake leo jioni, kesho asubuhi atakuuliza hali, watoto, kisha kijiko. Nilipoolewa na mwanawe Talha, miaka mitatu iliyopita, na kuhamia nyumba yao ya Mchafukoge, nilidhani nimeolewa na mwanamume. Kumbe nimeolewa na jiko.

Jiko lenyewe liko uani, ndani ya banda la matofali. Ni la kuni, la udongo, lina mdomo mbele na bomba la bati nyuma linalopanda mpaka juu ya paa. Hapo Bi Mauza, mjukuu wa watu waliokuja kutoka Hadhramaut wakasahau kurudi, huwapikia wenye maduka wa Kariakoo wali wa nazi na mchuzi. Saa sita na nusu sufuria zinaondoka kwa mkokoteni, na saa nane zinarudi zimekombwa. Talha, ambaye anauza simu Mtaa wa Aggrey, alimnunulia mtungi mkubwa wa gesi. Gesi hiyo inachemsha chai.

"Mama, Bongo nzima imehamia gesi, sisi bado tunanuka moshi," Talha alimwambia siku moja mbele yangu.

"Umeunusia wapi moshi katika nyumba hii?" Bi Mauza akamuuliza. "Nipeleke."

Talha akarudi dukani kwake, maana moshi haukuwepo.

Lakini nyumba ya kuni isiyo na moshi ni kazi, na kazi hiyo niliangushiwa mimi. Kuni za mkorosho na mwembe hununuliwa miezi mitatu kabla ya masika, zikapangwa chini ya paa juu ya vipande vya mbao, zisiguse ardhi. Kabla hazijaingia motoni Bi Mauza hugonganisha mbili. Zikilia ko, zinaingia. Zikilia pu, zinarudi zikakauke. Mbao za makasha ya sokoni, ambazo wachukuzi huzigawa bure, hataki hata kuziona, kwa sababu ya rangi na dawa zilizopakwa. Majivu huzolewa kila asubuhi, yakaachwa kiasi cha kidole tu, na hukaa siku mbili nje kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, kwa sababu majivu yanajua sana kujifanya yamelala. Ufa ukitokea kwenye jiko, unazibwa siku hiyohiyo kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu.

Halafu kuna bomba. Kila Alhamisi ya pili, jiko likiwa limepoa kabisa, tunalifungua bomba na kulisugua ndani kwa brashi ya makumbi iliyofungwa kwenye kamba. Masizi yakijaa humo, siku moja yatashika moto yenyewe, na paa letu ni la mbao. Mimi ni mhitimu wa chuo, kucha zangu zilikuwa na rangi, na nilikuwa nasugua bomba. Nilichukia, sifichi. Nilimpigia simu mama yangu nikalia.

Kazi ikiisha, Bi Mauza huwasha udi wa kijiti na kuusogeza kwenye mdomo wa jiko. Moshi wa udi ukivutwa ndani, bomba linapumua. Ukimrudia usoni, tunaanza upya. Kisha anaupitisha chini ya mlango wa banda na juu kwenye matundu ya ukuta.

"Moto unakula hewa kabla ya kuni," husema. "Hewa iingie chini, itoke juu. Ukiziba upande mmoja umeziba yote."

Ghorofa la jirani lilipopanda na upepo ukaanza kusukuma moshi wetu chini, majirani walijua sasa ataacha. Akamwita fundi, akaongeza bomba mita moja na kulivika kofia ya bati. Akasema ghorofa halijazaliwa la kumtoa jikoni kwake.

Mwaka jana nikapata mimba, na kujifungua kwangu kukaangukia masika ya mwaka huu.

Kwa desturi ya kwetu, uzazi wa kwanza msichana hurudi kwa mama yake. Mama yangu, Bi Kijakazi, anakaa kando ya Jangwani, na wiki niliyojifungua maji yalikuwa yameshapanda kitandani kwake. Kwa hiyo alikuja yeye, na mkeka wake, mafuta yake ya nazi na karai lake la makaa. Siku arobaini za mzazi ni za mama yake. Mkwe hupika, huuliza hali mlangoni, lakini chumbani hana kauli, hata kama nyumba ni yake. Bi Mauza alilijua hilo vizuri, na ni mtu wa kushika adabu.

Lazima niseme kitu kuhusu mama yangu. Kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, Zahoro. Siku ya tisa, mvua ikimwagika kama ya masika haya, alimkuta amekufa kitandani, kama aliyelala. Watu wakasema ni baridi. Tangu siku hiyo mama anaogopa baridi kuliko anavyoyaogopa maji ya Jangwani. Alipompokea mwanangu, Awadhi, alimzungushia kanga mbili papo hapo.

Alifunga dirisha, akasokomeza kanga chini ya mlango. Matundu ya juu ya ukuta yalikuwa yameshazibwa kwa saruji. Talha aliyaziba mwaka jana kwa ajili ya mbu, mama yake alipokuwa msibani Tanga. Bi Mauza aliporudi alimwambia sikio la kufa halisikii dawa, Talha akaahidi kuyafungua, tukanunua feni, basi. Dirisha lilikuwa wazi siku zote, hatukuona shida.

Kila alasiri mama alizoa makaa mekundu kutoka jiko la Bi Mauza, akayaleta kwenye karai na kuyaweka chini ya kitanda changu. Siku ya kwanza Bi Mauza alidhani ni ya kufukiza nguo. Siku ya pili aliuliza.

"Bi Kijakazi, makaa hayo unayalaza na mzazi?"

"Yanampasha mwili, Bi Mauza. Ndivyo tulivyolelewa sisi."

"Dirisha liko wazi?"

"Na mvua yote hii?"

"Moshi una adabu, Bi Kijakazi. Ukiingia unabisha hodi, unakuchoma macho, unakohoa, unatoka. Makaa mekundu hayabishi hodi."

Mama alitabasamu kwa heshima na kupita na karai lake. Kesho yake, sufuria zilipoondoka tu, Bi Mauza aliyamwagia maji makaa yote. Mama akajitanda kanga yake, akaenda dukani, akarudi na mfuko wa mkaa. Hakuna aliyetamka neno la ugomvi. Walisalimiana vizuri mno siku zile, na mimi katikati nilitamani wapigane tu yaishe.

Siku ya tisa mama aliamka na hofu. Mvua ilikuwa haijakatika tangu alfajiri. Alasiri akaweka makaa mara mbili ya siku zote, akakaa kwenye kigoda akimtazama Awadhi bila kupepesa.

Kichwa kilianza kuniuma polepole. Kikafuata kichefuchefu. Nilinyamaza, nisimtie mama wasiwasi zaidi. Mficha maradhi, kifo humuumbua; mimi nilikuwa nayaficha na mtoto kifuani. Nilipompa ziwa, Awadhi hakulitaka. Shingo yake ilikuwa imelegea kupita kiasi.

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Baridi hiyo, mwanangu," akasema, na akaisukuma kanga ya mlangoni ikazibe zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika kipaji cha uso.

Nikasikia sauti ya Bi Mauza nje ya mlango. "Husna, mtoto amenyonya?"

"Hataki."

"Na wewe kichwa?"

"Kinagonga, Mama."

"Bi Kijakazi, nakuomba ufungue."

"Mzazi hapigwi upepo, Bi Mauza. Na leo siku ya tisa. Unisamehe."

Nilisikia ndala zake zikiondoka kwa haraka. Nikajua amekasirika. Nilitaka kumwita, ulimi ukawa mzito.

Kisha ukuta ukapigwa. Mara ya kwanza nilidhani ni radi. Mara ya tatu kipande cha saruji kiliangukia miguuni mwangu, na mwanga ukaingia. Bi Mauza, miaka sitini na nne, alikuwa amepanda juu ya rundo la kuni zake kavu chini ya dirisha letu, mvua ikimpiga mgongoni, ana nyundo mkono mmoja na tindo mkono wa pili.

"Bi Mauza, unavunja nyumba?" mama akapiga kelele.

"Chumba ni chako, Bi Kijakazi, sijaingia," sauti ikajibu kupitia tundu. "Ukuta ni wangu."

Akatoboa la pili, la tatu na la nne.

"Sasa yatoe makaa wewe mwenyewe, na unifungulie mlango."

Mama aliinuka kulishika karai, miguu ikamkataa. Akakaa chini ghafla. Niliona uso wake ukibadilika. Sasa alikuwa akiogopa kitu kingine. Akajikokota mpaka mlangoni, akaivuta kanga, akafungua. Bi Mauza alikuwa amesimama kizingitini, maji yanamchuruzika, anangoja kukaribishwa.

"Pita," mama akasema.

Bi Mauza alimnyakua Awadhi, akanivuta na mimi kwa mkono, tukatoka hadi barazani, kwenye upepo na rasharasha. Sijui zilipita dakika ngapi. Awadhi alipolia, na mimi nililia. Tukaenda hospitali kwa bajaji, wote wanne. Nesi alitutia hewa ya mtungi, akatuambia hewa ya makaa haina rangi wala harufu, na kwamba tungechelewa kidogo angekuwa anatuambia maneno mengine. Tulilala huko siku mbili.

Tuliporudi, Bi Mauza aliwasha udi wa kijiti, akausimamisha katikati ya chumba. Moshi ulipanda, ukainama kuelekea kwenye matundu, ukatoka. Mama aliutazama mpaka kijiti kikaisha.

"Bi Mauza," akasema, "hewa ile inaweza kumuua mtoto wa siku tisa?"

Mama mkwe wangu alinitazama mimi, akatazama majivu ya udi.

"Inaweza."

"Akawa kama amelala tu?"

"Kama amelala tu."

Mama akakaa kitandani. "Zahoro nilimwekea karai zima. Matundu niliyaziba kwa kanga zangu mwenyewe, moja baada ya moja." Akajifunika uso.

Bi Mauza akakaa pembeni yake, goti kwa goti. "Hakuna aliyekwambia, Kijakazi," akasema. "Hakuna aliyekwambia." Mimi nikatoka na mtoto, nikaenda kusugua bomba, maana ilikuwa Alhamisi.

Arobaini ilipoisha na maji ya Jangwani yakapungua, mama alifunga mkeka wake. Mlangoni akamgeukia Bi Mauza, akaomba amwazime tindo. Alianza kutoboa kwenye nyumba yake, kwenye chumba kile ambacho hakijalaliwa na mtu tangu Zahoro. Kisha akaenda kwa jirani aliyejifungua, akatoa salamu, akatazama juu ukutani, akaomba kiti cha kusimamia. Sasa wanamwita wenyewe, mtoto akizaliwa tu.

Ni miezi mitano sasa. Juzi Talha alitaka kupigilia rafu jikoni, akauliza tindo liko wapi, kwa nini halijarudishwa. Bi Mauza alikuwa anagonganisha kuni.

"Tindo gani?" akasema, na akaendelea kugonganisha.