Mtaro Tuliouachia Mvua

Nilipokuwa mkimbizi Ngara, watu walizoea kudhani kwamba kujitolea ni kazi ya wageni wanaokuja na magari yenye antena ndefu. Sisi wa mahindi ya mgawo tulitakiwa tukae chini ya turubai tusubiri. Mimi kukaa sikujui. Kwetu Burundi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu asiye na darasa huishia kugombana na sufuria. Nikawakusanya vijana wa upande wetu wa kambi, wavulana na wasichana waliokuwa wakishinda kwenye karata na matusi, nikawaambia tunakwenda kujengea chemchemi.

Chemchemi yenyewe ilikuwa bondeni, kati ya kambi na kijiji kimoja cha upande wa Mugoma. Wanakijiji walichota hapo, sisi tulichota hapo, na ng'ombe nao waliingia humo humo. Watoto wa pande zote mbili waliharisha. Shirika moja lilitoa saruji na bomba, wazee wa kijiji wakatoa ruhusa kwa shingo upande, sisi tukatoa migongo. Kazi kubwa ilikuwa kuchimba mtaro wa kuyakinga maji ya mlimani, ili mvua isisombe tope na kulimwaga chemchemini. Mtaro usingekwisha kabla ya vuli, watoto wangekunywa tope mwaka mwingine. Tena tayari tulikuwa na kesi ya miti: vilima vilikuwa vimebaki vipara kwa ajili ya kuni zetu, na hilo sikuweza kulikana. Nilitaka sana, kwa roho yangu yote, tuache kitu kimoja kizima katika nchi ile.

Asubuhi moja tulichimba kwa nguvu kuliko siku zote. Njia ya kijijini ilikuwa tupu, vijana wakaimba kwa kupokezana, majembe yakifuata wimbo. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji aliposhuka bondeni, mtu mzima yule, akitembea nusu mbio. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Wekeni majembe chini," alisema. "Maiti iko ndani, nyinyi mnachimba na kuimba?"

Mzee mwenye shamba la migomba lililopakana na chemchemi alikuwa amefariki alfajiri. Kwa Wahangaza, wenyeji wa kijiji kile, kama kwetu Warundi, mtu akifa jembe haligusi ardhi isipokuwa kwa kuchimba kaburi. Husubiri mpaka matanga yaishe, na mfiwa ndiye hulishika kwanza, kisha majirani hufuata. Hapakuwa na kijana wangu hata mmoja asiyelijua hilo. Ila hakuna aliyetuambia. Habari ya msiba ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba mpaka mwisho wa kijiji, ikaishia hapo. Kambi haikuhesabiwa kuwa nyumba, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kufokewa.

Binti mmoja wa kikundi, aliyewazidi wote kwa mdomo, akaanza, "Kwani sisi tungejuaje..." Nikamkata.

"Mzee, tumekosa," nikamwambia mwenyekiti. "Tuonyeshe njia ya msibani."

"Njia mnaijua. Lakini kazi yenu hapa imekwisha. Hatutaki tena majembe yenu."

Vijana walitaka kurudi kambini. "Watatufukuza," alisema yule binti.

"Basi watufukuze tukiwa tumebeba kuni," nikamjibu.

Tukaenda na kuni za majiko yetu wenyewe na ndoo za maji kichwani. Mjane alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Nikapiga magoti, nikampa pole kwa Kirundi, naye akaniitikia kwa Kihangaza, maana lugha hizo husikilizana. Kisha akaniuliza, "Ni nyinyi mliokuwa mkiimba?"

"Ni sisi, mama."

Akageukia ukutani. Hatukufukuzwa, lakini hakuna aliyetusogezea mkeka. Tulikaa mwisho kabisa, jirani na mbuzi.

Mzee akazikwa, matanga yakaendelea. Kila siku tulimpelekea mjane maji, tukayaweka mlangoni, tukaondoka. Nilisema tutafanya hivyo mpaka mwisho, tuitikiwe tusiitikiwe. Kisha mvua ikatangulia. Kutoka kambini tuliona kingo za mtaro zikimeguka na tope jekundu likishuka kuelekea chemchemini. Yule binti akanijia, nguo zimelowa, sauti imeshuka.

"Mwalimu, tukatoe tope kwa mikono tu. Mikono si jembe."

Hoja ilikuwa nzuri, na nilitamani kuikubali. "Hata mikono," nikasema. Alinitazama kana kwamba nimempiga. Kazi yetu ikawa inabomoka mbele ya macho yetu, nasi tunapita kandoni mwake na ndoo, juu kwa mjane na kurudi. Wengine kambini walitucheka, wakasema mwalimu amewageuza vijana kuwa wachota maji wa watu wasiowataka. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nimeamua, na mimi nikiamua, hata mimi mwenyewe sijibembelezi.

Siku ya kuanua matanga hatukualikwa. Tulishuka bondeni na majembe yetu tukaone kilichobaki, na tulimkuta mjane hapo, kichwa kimenyolewa, jembe begani, wanawake wa kijiji wakiwa nyuma yake. Alitakiwa aanzie shambani kwake, chini ya migomba ya marehemu. Alikuwa amelipita shamba lake.

"Mlangoni kwangu naona mpaka huku," aliniambia. "Niliona mvua inabomoa, na nyinyi mnaniletea maji."

Akaingia ndani ya mtaro, akajifunga kanga kiunoni, akapiga jembe la kwanza kwenye tope letu. Wanawake wakashuka mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti alikuwa amesimama juu ya ukingo. Akavua koti, akalitundika kwenye kichaka, akamwomba yule binti wa mdomo ampe jembe. Mimi nilibaki katikati yao, machozi na kamasi vimechanganyika.

Mjane akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Mwalimu, sogea," alisema. "Umesimama pa kuchimba."