Bugaluu Nyeupe Kwenye Mbuga ya Samuye

Na mvi zote hizi, siku ile nikiikumbuka bado natafuta pa kuficha uso, lakini acheni niseme, maana wengine mnaniona mpima udongo makini kweli kweli.

Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka chuoni juzi tu, nikatumwa kijiji cha Samuye kupima kiwanja cha zahanati pale mbugani, bonde la udongo mweusi (mawe wanakijiji walishayasomba wenyewe, maana wajawazito walikuwa wakipelekwa mjini kwa mkokoteni na wengine hawakufika). Kipimo chenyewe ni fimbo ya chuma yenye mabawa manne, unaikandamiza ardhini, unaizungusha, unasoma nguvu iliyotumika mpaka udongo ukatike, futi ya kwanza, ya pili, hadi ya kumi. Sasa kwenda chini kunataka upige magoti, na mimi nimevaa bugaluu, ile suruali pana chini, nyeupe, mpya! Nikapima futi ya kwanza tu, ganda gumu la kiangazi, nikajaza fomu nzima kwa namba ile ile.

Mama Kulwa, mjane mwenye maksai wawili wa kulimia, akaniambia, "Baba, hapo ng'ombe wangu wanapazunguka. Chini ni uji."

"Mama, kipimo hakidanganyi," nikamjibu (ni kweli, mwongo nilikuwa mimi), na ili kumaliza ubishi mbele ya kijiji kizima nikamwambia dereva aliyenileta aingize Landrova pale pale. Ganda likapasuka, gari likakaa kwa tumbo, nikakimbilia kusukuma, nikazama hadi kiunoni.

Maksai wa Mama Kulwa ndio walionivuta, kamba kwapani. Nilitoka mimi, bugaluu ikabaki. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, ila yeye alinirushia khanga, akasema, "Jifunge, baba, upime tena."

Nikachana ile fomu, nikapiga magoti na khanga yangu. Futi ya tatu fimbo ikazunguka kama mwiko kwenye uji. Zahanati ikahamishiwa mwinukoni kwenye changarawe, na mawe niliyabeba pamoja na wanakijiji.

Mwaka uliofuata nilirudisha khanga. Nikamkuta Mama Kulwa barazani pa zahanati, amempakata mjukuu aliyezaliwa humo asubuhi ile ile. Nilitaka kumshukuru kwa Kiswahili changu cha chuoni, kikakwama, nikasema tu kama wasemavyo kwao, "Wabeja, mayu," machozi yakanitoka.

Tangu hapo sijaandika namba ambayo mkono wangu haukuizungusha. Na suruali nyeupe sivai.