Jina Ambalo Bichi Haikulijua

Mimi nina mdomo, na sikatai. Mama yangu ndiye aliyesema nikasome sheria, siku nilipogombana na kondakta, mwenye duka na mwalimu wa madrasa kabla ya saa sita mchana. "Huyu mwacheni aende akagombane mahali ambapo kugombana ni kazi," akawaambia majirani zetu wa mtaa wa Kaloleni, hapa Kisumu, nao wakacheka mpaka nikaona haya.

Lakini kilichonipeleka kwenye mambo ya uhamiaji ni hasira. Babu yangu alikuja Kisumu kutoka pwani, nyanya yangu ni wa hapa hapa ziwani, na sisi sote tumezaliwa Kaloleni, nyumba ile ile, mlango ule ule. Hata hivyo nilipofika umri wa kuomba kitambulisho, wasichana wa darasa langu walipanga foleni, wakaweka vidole kwenye wino, wakaenda zao. Mimi, kwa sababu ya buibui na jina langu, niliulizwa dirishani, "Kaloleni, sawa. Na kabla ya Kaloleni mlitoka wapi?" Nikarudi na cheti cha baba. Nikarudi na cheti cha babu. Nilirudi mara nne. Ile "na kabla ya Kaloleni" ilinikaa kooni miaka.

Basi chuoni, tulipoambiwa kila mwanafunzi achague kikundi katika kliniki ya msaada wa kisheria, sikufikiria mara mbili. Wengine walikimbilia mashamba na mirathi. Mimi nikaandika: uhamiaji na haki za binadamu.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya viti. Mwalimu wetu alikuwa wakili wa makamo, mpole kwa wateja na mkali kwetu. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuwahi kuilegeza: ukishaandika maelezo ya shahidi, unamsomea sentensi moja moja, kwa lugha aliyoisema yeye, halafu yeye anakueleza ulichoandika. "Msiponiamini leo mtaniamini siku moja," alikuwa akisema. Mimi nilimwamini nusu. Niliona ni kupoteza muda, na kalamu yangu ilikuwa na haraka.

Mteja aliyenifundisha kumwamini, mama mmoja muuza samaki, alikuja siku ya Alhamisi na ndoo tupu ya samaki mkononi. Nilimwamkia shikamoo, kama tulivyolelewa kwetu, naye akaitikia "marahaba mwanangu" kwa Kiswahili kilichonyooka hadi nikanyanyua kichwa. Kisumu hapa Kiswahili chetu tunakiburuta, tunachanganya na Dholuo na Kiingereza. Chake kilikuwa cha upande wa pili wa ziwa. Alizaliwa Musoma, akaletwa na shangazi yake akiwa darasa la tatu, akakulia kwenye bichi moja, kijiji cha wavuvi, huku mbele ya Kisian, akaolewa na mvuvi wa hapo hapo. Mahari ilipelekwa, watoto watatu wakaja, mume akafariki. Siku moja akiwa mtaa wa Obunga anauza mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyokaangwa, askari walipita wakiuliza vitambulisho. Yeye hakuwa nacho. Hajawahi kuwa nacho. Wakampeleka uhamiaji, akafunguliwa faili.

Karatasi nyingine zote, vyeti vya watoto, kadi za kliniki, zilikwenda na maji mwaka ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mwake. Kilichobaki ni kadi yake ya ubatizo ya Musoma, kwa sababu ilikuwa kwenye mkebe juu ya kabati.

Mambo yalikuwa wazi. Kama angethibitisha kwamba aliolewa na raia na akaishi naye miaka yote hiyo, sheria ilimpa njia ya kuomba uraia. Akishindwa, faili ingeenda mahakamani kwamba yuko nchini bila ruhusa, na huenda angerudishwa Tanzania, kwenye mji ambamo hakumjua hata mtu mmoja. Kitinda mimba wake alikuwa kidato cha nne. "Mimi siogopi jela," aliniambia. "Naogopa kupelekwa mahali, halafu niambiwe ndiko kwetu."

Maneno hayo yalinigusa kuliko alivyojua. Nikaapa moyoni kwamba huyu mama haendi popote.

Nikaenda naye bichi nikiwa na daftari jipya. Nilimpata mwenyekiti wa bichi, mzee mwenye kofia ya sufu kwenye jua kali, na wifi wa yule mama, dada wa marehemu mumewe, anaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye nyavu. Dholuo yangu ni ya kununulia samaki tu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, wao wakijazia pale kilipowaishia. Nikauliza, nikamwonyesha mama kwa kidole: huyu mama mmemjua tangu lini? Aliolewa na nani? Walijibu vizuri ajabu. Wifi alinisimulia hata ng'ombe wa mahari walikuwa na rangi gani. Jioni ile ile nikayaandika kwa lugha ya kisheria, safi kabisa, na jina lake kamili nikalitoa kwenye kadi ya ubatizo. Kesho yake nikarudi na karatasi. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Maseno na wifi alikuwa mbioni kuanua omena. Nikawasomea harakaharaka, nikiruka huku na huku, nikasema "ni yale yale mliyoniambia jana." Mzee akatia sahihi, wifi akaweka dole gumba lenye magamba. Nikaondoka nimejaa sifa.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya uhamiaji, mimi na mama, maana mwalimu alikuwa na kesi mahakamani. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mtulivu, asiye na maneno mengi. Alisoma karatasi zangu mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamkonyeza mama. Kisha afisa akasema, "Nitawapigia mashahidi kidogo," akaiweka simu mezani, akafungua spika.

"Mzee, habari ya asubuhi. Napiga kutoka uhamiaji. Unamjua mama mmoja anaitwa..." akasoma jina la kwenye kadi lote, majina matatu.

Tukasikia mawimbi na kuku. "Huyo ni nani?" mwenyekiti akauliza. "Hapa bichi hakuna mtu ya hiyo jina."

"Una hakika, Mzee?"

"Mimi ni mwenyekiti! Watu yangu wote nawajua."

Afisa akaandika jibu. Akapiga namba ya pili. Wifi alipokea akihema, akasikiliza lile jina mpaka mwisho, akajibu, "Simjui. Tena nyinyi watu wa kutapeli na simu, Mungu anawaona." Akakata.

Mama alikuwa amekaa kando yangu. Alimsikia wifi yake, mtu aliyelala naye mkeka mmoja wakati wa matanga, akisema simjui. Nilimwona akilishika pindo la leso yake na kulikunja, analikunja na kulikunja. Nikafikiri atalia. Badala yake akanigeukia, akasema taratibu, "Hawajasema uongo, mwanangu. Jina hilo mara ya mwisho kuitwa nilikuwa darasa la tatu."

Ndipo nikaelewa, na uso ukaniwaka moto. Mimi mtoto wa Kisumu! Nani asiyejua kwamba huku mwanamke akiolewa anaitwa kwa kule alikotoka? Nyar Alego, nyar Gem, binti wa kule na binti wa huku, mpaka anazeeka na jina hilo. Bichi nzima, kuanzia wavuvi mpaka watoto wa shule, walimwita Nyar Musoma. Lile jina la kadi hakuna aliyelijua, hata pengine marehemu mwenyewe. Na mimi siku zote mbili nilikuwa nikisema "huyu mama, huyu mama," nikimwonyesha kwa kidole, kisha nikakimbia na karatasi zenye mtu mwingine.

Nikarukia simu. "Piga tena! Waulize Nyar..."

Afisa akaifunika simu kwa kiganja. "Dada," akasema, "ukiwapa jibu wewe, halitakuwa lao tena. Mimi nimeandika nilichosikia." Nikarudi kitini. Afisa akatuangalia sote wawili, akakuna shingo. "Alhamisi. Waje wenyewe hapa, na kitu cha kushika mkononi. Baada ya hapo faili inatoka kwangu."

Sijui ni wangapi wangetupa hiyo Alhamisi. Leo hii nikipita pale bado namshukuru kimoyomoyo.

Mwalimu wangu hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitoa machozi. Aliuliza swali moja tu: "Uliwasomea?"

Nilitaka kudanganya. Haki ya Mungu, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Nilisoma haraka."

"Basi rudi ukawasomee."

Nilirudi kesho yake asubuhi pamoja na mama. Tulimkuta wifi na mwenyekiti mahali pale pale penye nyavu. Mama akakaa chini na kuanza kuchambua omena kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi nikashika karatasi kwa mikono miwili, nikaanza upya, sentensi ya kwanza: "Mimi ninamjua..." nikalitaja lile jina.

"Ngoja," wifi akasema. "Huyo ni nani tena? Jana watu walikuwa wanapiga simu wanauliza huyo huyo."

Nikamwonyesha mama. Wifi alimtazama, akanitazama, akarudi kumtazama. Omena zikamwanguka. "Yawa! Hiyo simu ilikuwa ya wewe?" Akapiga magoti kwenye mchanga, akamshika mama mabega. "Nilisema sikujui? Wewe ulisikia?"

"Nilisikia."

"Na ulikuwa umekaa hapo tu?"

"Ningefanyaje? Na wewe ulikuwa unafoka na matapeli wako." Mama akaanza kucheka. Wifi alilia, kisha naye akacheka, kisha akalia tena, na mwenyekiti akavua kofia yake ya sufu na kusema kwa aibu kwamba miaka yote hiyo, kumbe, hakuwahi kuuliza. Nilisimama hapo na karatasi zangu nikitamani ziwa linimeze. Hakuna aliyenilaumu. Ningependa wangenilaumu kidogo.

Niliwasomea yote, mstari kwa mstari, na wao wakanirudishia. Walinisahihisha mahali pengine patatu. Hata ng'ombe nilikuwa nimekosea. Nilipouliza kama kuna kitu chochote cha kushika mkononi, wifi akapanda kwake, kule juu ambako maji hayakufika, akarudi na kitabu cha mazishi ya kaka yake. Huku kwetu hakuna anayezikwa bila kile kitabu cha picha, na hakuna anayekitupa. Ukurasa wa tatu, mama akiwa kijana, amesimama na mumewe mlangoni pa nyumba yao, watoto mbele. Chini imeandikwa: mjane, Nyar Musoma.

Siku ya Alhamisi walitakiwa watu wawili. Walikuja kumi na mmoja. Wanawake wa bichi walivaa nguo za kanisani, wakajaza benchi zote za ile ofisi na harufu ya sabuni na samaki kwa pamoja. Mwalimu alikuja pia, akakaa nyuma, akaniacha mimi niongee. Niliongea polepole. Afisa akaweka kadi ya ubatizo ya Musoma kando ya kitabu cha mazishi, akamwangalia mama, akaiangalia picha, akamwita wifi.

"Huyu ni nani?"

"Nyar Musoma. Bibi ya kaka yangu."

"Na jina lake la kadi?"

Wifi akalitamka lote, majina matatu, polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni. Alikuwa amelikariri siku mbili nzima. "Lakini hiyo ni ya ofisi," akaongeza. "Ya nyumbani ni hii nimekwambia."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akapiga muhuri: maombi yamepokelewa, hakuna kwenda mahakamani. Cheti chenyewe kilichukua miezi mingi, na mitihani yangu miwili ilipita katikati. Lakini kwangu siku yake ni ile. Mama alinishika uso kwa viganja vyake vyote viwili na kusema, "Asante, mwanangu," na mimi, niliyekuwa nusura nimfukuzishe nchini kwa haraka yangu, nikaibusu mikono ile. Namshukuru yeye. Namshukuru mwalimu na ile sheria yake moja, ambayo sasa nawahubiria wanafunzi wadogo mpaka wananichoka.

Tulipotoka nje, wifi alinifuata kwenye ngazi. Alikuwa na jambo. Akaniangalia buibui, akaniangalia usoni.

"Na wewe," akasema, "wewe ni nyar wapi?"

Binti wa wapi. Swali lile lile la dirishani. Nikakaza taya, nikatayarisha cheti cha baba, cha babu, na mdomo wangu wote.

"Kaloleni," nikajibu, kwa ukali kuliko alivyostahili.

Nikangoja. Nilikuwa nalijua linalofuata, nimelisubiri nusu ya maisha yangu.

"Haya, Nyar Kaloleni," akasema, akinishika mkono, "twende tukale, samaki inapoa."

Hakuuliza tena. Niliteremka naye ngazi zile nikilia bila kujificha.