Mfuko Usio na Sukari Hata Chembe

Kliniki walimpa mama karatasi na kumwambia mambo mawili: apunguze sukari, na atembee. Sukari aliipunguza kwa manung'uniko. Kutembea alikataa kabisa, mpaka wenzake wawili wa kanisani walipopanga kupanda kilima cha Asego, Homa Bay. Akasema atakwenda nao, ila kwa sharti.

"Nikifika juu salama, nitakuwa natembea kila wiki. Nikishindwa, nisisikie tena habari ya kutembea katika nyumba hii."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nina shahada ya takwimu na sina kazi. Nikajiteua msimamizi wa vitafunio.

Kwetu Uriri miwa imetuzunguka. Dirisha la jikoni linatazama miwa, la sebuleni linatazama miwa, na mlango wa choo ukisahau kuufunga, miwa inakutazama wewe. Nikaona ni salama zaidi kununua mjini Migori. Katika duka kubwa nilikuta biskuti zilizoandikwa "bila sukari". Nikageuza pakiti: asali. Nyingine ilikuwa na tende. Ya tatu ilikuwa na kitu chenye jina refu. Nikalitafuta kwenye simu na kujikuta nasoma ugomvi wa watu nisiowajua. Askari wa duka akanisogelea.

"Boss, unasoma ama unanunua?"

"Nasoma kwanza."

"Basi soma ukielekea mlangoni."

Sokoni nilimwuliza muuza njugu kama njugu zake zina sukari.

"Zina chumvi."

"Chumvi kiasi gani?"

"Kijana, unataka njugu ama unataka kunioa?"

Mwishowe nilikuwa na njugu, mbegu za maboga, mayai ya kuchemsha, na omena, wale dagaa wa ziwani, waliokaangwa mpaka wakakauka. Nilivigawa katika vifuko, kimoja kwa kila mwinuko niliouona kwenye ramani ya simu. Asubuhi ya safari mama alimeza dawa zake za kisukari kama kawaida. Uji ulinitia shaka, kwa hiyo nikampa yai moja na chai ya rangi isiyo na sukari.

Chini ya kilima niliwakagua wenzake. Mmoja alikuwa na peremende, mwingine chupa ya chai tamu ya maziwa. Nikavichukua vyote na kuviacha kwa mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia, nikieleza kwamba mama akiviona atavitamani.

"Yawa!" alisema mwenye peremende. "Huyu alisomea takwimu ama upolisi?"

Tulipofika katikati, mama alinyamaza. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Kisha nikaona jasho limemtoka na mikono inatetemeka.

"Wuoda," aliniita, yaani mwanangu, "hii miguu imekuwa ya mtu mwingine."

Nikampa njugu. Nikampa mbegu. Alizidi kutetemeka. Nikatoa ile karatasi ya kliniki. Upande wa mbele nilikuwa nimeukariri wote. Kwa mara ya kwanza nikaigeuza. Nyuma waliandika kwamba asikose kula akishameza dawa, na kwamba akitetemeka na kutokwa jasho, apewe kitu chenye sukari mara moja.

"Nani ana sukari?" nilipiga kelele.

Wale akina mama wawili walinyosha vidole kuelekea chini, kwa mchoma mahindi.

Juu yetu kidogo, kwenye kivuli cha mwamba, palikuwa na mtu mwenye kanzu nyeupe akisali. Nilimkimbilia.

"Ndugu, samahani, una sukari?"

"Omera, ndugu yangu, nimefunga," alijibu bila kufungua macho. "Siku ya tatu."

"Mama yangu anaanguka."

Alifungua jicho moja, akamwona. Akavuta mkoba wake wa Biblia na kutoa soda ya machungwa.

Mama aliinywa. Mwenye chai akaiangalia ile chupa ya soda vizuri.

"Mtumishi, mbona ilikuwa nusu?"

"Huku juu kuna jua kali," alisema yule mtu. Halafu, kama aliyeona hakuna tena cha kuficha, akatoa pia mkate. Mama akaula na mayai yangu mawili. Mtumishi alikula matatu.

Mikono ya mama ilipotulia nilimwambia tushuke.

"Nilisema juu," alijibu. "Hapa ni juu?"

"Mama, karatasi inasema..."

"Upande gani?"

Tukakaa mpaka rangi ikamrudia usoni. Kisha akainuka, wenzake wakamshika huku na huku, wakapanda polepole wakiimba. Mimi nilifuata nyuma na kipande cha mkate mkononi, nikimhesabia pumzi.

Kileleni alikaa juu ya jiwe na kulitazama ziwa lililokuwa chini yetu.

"Wiki ijayo nakuja tena," alisema.

Nilifurahi karibu nilie. Nikamwambia safari hiyo nitaweka na mkate, na soda ya dharura, na nitasoma pande zote mbili.

"Soma tu," alisema. "Lakini usomee nyumbani. Mkate na soda nitabeba mwenyewe."