Kibao Kisicho na Nambari ya Simu

Juzi, kwa mchoraji vibao hapa Likoni, nilimkuta mama mmoja wa makamo akiagiza kibao cha kutundika mlangoni: "NYUMBA HII HAIUZWI." Tangu barabara mpya ifunguliwe, madalali hawampi nafasi hata ya kuswali.

Mchoraji alipomaliza maneno hayo, akachovya tena brashi, kama alivyozoea.

"Haya mama, nambari ya simu?"

"Ya nini?"

"Wateja wakupate."

Mama akaifunika ile nafasi tupu kwa kiganja. "Wallahi, mwanangu, wateja gani? Andika hapa: 'NA WENYEWE TUMO NDANI.'"

Kila siku twaambiwa Likoni inakua. Na ikue! Ila sisi tulioishi nayo ilipokuwa haina hata lami, tutaitazama ikikua tukiwa barazani kwetu, si kwa kuhadithiwa.