Kibanio cha Nabra

Asubuhi ya mwisho, Nabra aliketi barazani akainamisha kichwa, na mumewe Fikri akamfunga kibanio sikioni kama kawaida. Vidole vya Nabra mwenyewe vilikuwa vimekakamaa. Fikri akakaza taratibu, akauliza kama kinauma. Akajibiwa kwamba kwa mkono mzito namna ile, bora angeolewa na fundi baiskeli. Wakanywa chai ya maziwa.

Kovu lililobanwa na kibanio hicho lilianzia kwenye tundu la juu la sikio, pale wanawake wa kijiji chao cha Kinubi wanapotundika pete ya dhahabu waliyoachiwa na mama zao. Likavimba, likawa gumu kama kokwa ya tende, likawasha hata akawa halalii ubavu ule. Daktari wa Aswan akalikata, akalichoma sindano za kulisinyaza, akaagiza kibanio cha kuligandamiza usiku na mchana kwa miezi mingi, na sikio lisitobolewe tena. Likawa laini.

Kisha ikaja harusi ya binti yao, Sherifa. Mama wa bibi harusi asiye na dhahabu sikioni, watu wangesemaje? Nabra akakitia kibanio kabatini, akatobolewa upya kwa sindano ya kushonea, akacheza na pete yake. Kabla tende hazijaanguliwa kovu lilikuwa limerudi, kubwa kuliko la kwanza. Wakaanza tena: kisu, sindano, kivuko kwenda, kivuko kurudi. Fikri alichoka. Nabra alichoka zaidi.

Mchana wa siku ile ya mwisho, moyo wa Nabra ulisimama akichambua dengu. Waliomwosha wakamletea Fikri kibanio ndani ya kitambaa.

Sasa Sherifa amejifungua msichana. Kesho ni siku yake ya saba, siku ya kutobolewa, naye amekuja kuomba pete ya mama yake.

"Baba, sikio la mtoto bado bichi, halishiki kovu. Na jina ni la bibi yake."

Fikri alikuwa akitazama nyuma ya ndewe ya sikio la Sherifa, kwenye kivimbe cha ukubwa wa punje ya dengu ambacho mtandio haukukifunika vizuri. Akampa pete. Ndipo akamwambia alichosema mama yake asubuhi ile barazani, kibanio kikiwa bado mkononi mwa Fikri:

"Sherifa akizaa msichana, pete mvisheni shingoni. Sikio mwachieni kama alivyokuja nalo."