Ukurasa wa Kijito

Jina la Mama Futi lilitokana na futi kamba aliyoivaa shingoni kutwa nzima, hata sokoni akaenda nayo. Alikuwa mshonaji, na chumba chake cha kazi kilikuwa hatua chache kutoka kwenye daraja la mbao. Kamati ya umeme, iliyotaka kijiji kijengewe mtambo wa kuzungushwa na maji, ilipotafuta mtu wa kupima kina cha kijito kila asubuhi, ikamwona yeye.

Basi kwa miezi kumi na minne, kabla hajakanyaga cherehani, alishuka darajani, akateremsha futi iliyofungwa jiwe, akaandika kipimo kwenye daftari lile lile la wateja. Kijito nacho kikapata ukurasa wake. Wakati wa mvua kilinenepa, kiangazi kikakonda. Siku nyingine alisahau hata kuandika, akabaki ameegemea ubao, sauti ya maji ikimchukua hajui wapi, mpaka mteja amwite mara ya tatu.

Siku mhandisi alipoleta mchoro, darasa la shule lililotumika kwa mkutano lilijaa pomoni. Mtambo ulikuwa mkubwa: taa nyumba zote, jokofu la dawa zahanati, mashine ya kusaga. Watu wakaanza kuota wakiwa macho. Mama Futi alitazama kiasi cha maji kilichoandikwa pembeni mwa mchoro, akainua mkono.

"Samahani, bwana mhandisi. Haya maji uliyapima lini?"

"Mwezi wa nne, mama."

"Mwezi wa nne kijito kinakuwa kimeshiba. Mwezi wa tisa hakifiki hata theluthi ya hapo."

Mwenyekiti, mdogo wa marehemu mumewe, akacheka. "Shemeji, huu ni mto, si gauni!"

"Gauni likibana, nalifumua. Mtambo ukikosa maji, shemeji, utaufumua wewe?"

Darasa zima likaangua kicheko, ila mhandisi. Aliomba daftari, akapekua sare za shule na magauni ya maharusi mpaka akaufikia ukurasa wa kijito. Kidole chake kikashuka mwezi hadi mwezi.

"Nilikuja mara moja tu," alisema mwishowe. "Kosa ni langu."

Wiki iliyofuata alirudi, wakatandaza karatasi kwenye meza ya kukatia vitambaa. Mahali pa kuchepushia maji pakasogezwa juu ya miamba, ili maji machache yaporomoke kutoka juu zaidi. Mtambo ukapunguzwa. Taa zikabaki, jokofu likabaki. Mashine ya kusaga ikafutwa. Jirani wa Mama Futi, aliyekwisha kujiona akiisimamia mashine hiyo, akamnunia miezi na miezi. Iliuma. Mara kadhaa Mama Futi alijiuliza kwa nini hakufunga mdomo wake.

Ujenzi ulichukua mwaka. Mhandisi alisisitiza mtambo uwashwe mwezi wa tisa, kijito kikiwa kimekonda kuliko wakati wowote. Ukazunguka bila kusita.

Jioni hiyo jirani alisimama mlangoni. "Hodi. Nimekuja kuona kama na kwako kumewaka."

"Kumewaka. Karibu ndani, dada."

Wakakaa. Mama Futi hakushona. Alinyoosha mikono chini ya taa, akaigeuza polepole, akaona makovu madogo ya sindano. Hakuwahi kujua kuwa ni mengi hivyo.